Jenereta Lililofunikwa Khanga

Mume wangu Twalibu ni mtu wa kutunza vitu. Kochi letu hapa ughaibuni, Sugar Land, bado lina nailoni ya dukani, na vikombe vizuri vinasubiri wageni ambao hata hatuwajui. Jenereta nalo, tangu alinunue baada ya kimbunga cha mwaka juzi, alilijaza petroli pomoni, akalifunika khanga, na kila Jumapili akawa analifuta vumbi. Kuliwasha? Hata siku moja. "Litachakaa bure," alikuwa akisema, nami nilichoka kubishana naye.

Kisha dhoruba ikakata umeme, na mashine ya oksijeni ya mama yangu mgonjwa, tunayeishi naye, ikazima.

Tulikuwa na mtungi mdogo wa akiba, na mshale wake ulikuwa unashuka huku nautazama. Watu wa dharura wa 911 walisema barabara zimejaa maji, tusubiri. Nje, Twalibu alivuta kamba ya jenereta mpaka kiganja kikachubuka. Likakohoa mara moja, basi. Lilikuwa linang'aa vizuri mno, na nilitamani kulipiga teke.

Jirani yetu Njoroge alisikia ile kamba, akaja na bisibisi.

"Hii umewahi kui-start?"

"Naitunza, kaka."

"Umetunza rangi, buda. Petroli ikikaa hivi inakuwa gundi."

Walimwaga petroli yote kwenye ndoo. Njoroge akafungua kikombe cha chini ya kabureta. Kilichotoka kilikuwa kinanata na kunuka vanishi. Tundu la kupitisha petroli, dogo kuliko la sindano, lilikuwa limeziba kabisa. Akachomoa uzi mmoja kwenye brashi ya waya, akaanza kulizibua taratibu. Ule utaratibu wake ulinitia wazimu.

"Fanya haraka, Njoroge, nakuomba."

"Nikikimbiza nitaharibu, dada."

Nikarudi ndani. Midomo ya mama ilikuwa imeanza kugeuka buluu. Nilimdanganya kwamba ambulensi imefika kona. Nikaanza kusoma Yasini kimoyomoyo, kisha nikaacha, maana hiyo husomewa anayekata roho, na mimi nilikuwa sijakubali. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala chini kabisa.

Njoroge akatia petroli mpya aliyoweka kwa ajili ya mashine yake ya kukatia majani. Twalibu akavuta kamba, akavuta tena, na jenereta likanguruma. Nikachomeka mashine ya mama kwenye waya tuliokuwa tumeshaupitisha mlangoni, nikamwekea mrija puani. Ilichukua muda mrefu kabla kifua chake hakijatulia na midomo kurudiwa na rangi.

Twalibu hakuingia ndani. Nilipompelekea maji nilimkuta amekaa chini juu ya saruji, mikono myeusi, anasikiliza injini.

"Ningemuua Mama," akasema.

Nikamsogezea maji.

"Ndiyo," nikamwambia. "Kunywa maji."