Sufuria ya Mwethya

Ndila alikoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umening'inizwa shingoni kwa kipande cha leso, umevimba hata vidole havikuweza kushika mwiko. Sufuria ilikuwa ile kubwa ya mwethya, kikundi cha wanawake wanaochimbiana mashamba kwa zamu, na ilikuwa imejaa pomoni. Leo ilikuwa zamu yake. Wanawake wa kikundi wangekuja na majembe kumchimbia mitaro kabla mvua haijakisomba kishamba chake chote hadi bondeni, na desturi ni kwamba mwenye zamu huwapikia.

Alipozaliwa aliitwa Mutie. Hilo hakuna asiyelijua. Lakini tangu ujana wake alivaa kama wanawake, akateka maji nao, akachimba nao kila shamba kwenye vilima hivi vya Nunguni, hata wao wenyewe wakampa jina la Ndila. Nyimbo za kuchimbia alizianzisha yeye. Jua likiwaka na migongo ikikataa kuinama, hakuna aliyeuliza sauti ile ilizaliwaje.

Jumatatu ndiyo iliyoharibu mambo. Ulikuwa uchaguzi wa mlolongo, mwaka ule wa themanini na nane: ukimtaka mtu, unasimama nyuma ya picha yake mchana kweupe, chifu akikuona. Wanawake wa mwethya walikubaliana kusimama nyuma ya Mwalimu Nzioka, kwa kuwa yeye peke yake alithubutu kuuliza mahindi ya msaada yalipotelea wapi. Vijana wa chama wakaja na marungu. Wa kwanza kuvutwa alikuwa Kavata, mwenyekiti wa kikundi. Ndila akajitia katikati, na rungu lililokusudiwa kichwa cha Kavata likavunja mkono wake. Kisha wakamrarua gauni, uwanja mzima ukitazama.

"Mwenyekiti," chifu aliuliza, wala hakupandisha sauti, "huyu ni mwanamke wenu? Sema tu. Akiwa wenu, basi nyote mmeleta fujo, na mahindi mtatafuta kwingine."

Kavata alitazama viatu vya chifu. Wenzake walitazama chini. Halafu mlolongo ukahama, mmoja mmoja, ukaenda nyuma ya picha ile nyingine, ya mtu wa chifu.

Ndila hakutaka kuwalaumu. Wana watoto, alijiambia. Lakini zamu ni zamu. Watakuja.

Jua lilipanda, muthokoi ukaiva. Aliyekuja ni Kavata, peke yake, bila jembe.

"Mkono je?"

"Uko tu. Wengine wako wapi?"

"Kwa chifu. Amesema leo tuchimbe kwake." Kavata aliitazama sufuria. "Na amesema mwethya ya wanawake ni ya wanawake."

"Na nilipokuwa nachimba kwako, Kavata, nilikuwa nani?"

"Usiniulize hivyo, mama."

Bado alimwita mama, huku nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna wa kusikia. Hilo lilimuuma Ndila kuliko mkono.

"Mimi nimetumwa sufuria," Kavata alisema.

"Si unaona ina chakula?"

"Naona. Lakini ni ya kikundi. Hata kule watu watakula."

Ndila hakuwa na chombo kingine cha kutosha chakula kile. Kavata akakata majani ya mgomba, akayatandika uani, wakaiinamisha sufuria pamoja, huyu kwa mikono miwili, huyu kwa mmoja. Muthokoi ukamwagika, ukitoa mvuke. Kavata akaisuuza sufuria, akajitwika, akashuka bondeni akilia waziwazi. Lakini alikwenda.

Baadaye wimbo ulianza ng'ambo ya bonde. Ulikuwa wake Ndila, ila sauti ya kuuanzisha ilikuwa ya mtu mwingine. Walifika pale ambapo mwanzishaji huuliza, "Nani amebaki nyumbani?" na wote hujibu, "Hakuna!"

Walijibu kwa nguvu, majembe yakishuka pamoja. Ndila aliketi kando ya majani ya mgomba, akawafukuza kuku kwa mkono mmoja.