Gramu Mia Tatu na Kumi

Blanketi lilikuwa juu ya mizani peke yake, halina mtoto ndani, na sisi watu wazima wanne tumeinama kulitazama kana kwamba litatuomba maji. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa ameishika tai yake isije ikagusa sahani ya mizani. Pembeni yake mwenzangu wa kitengo cha kompyuta, baba wa watoto wawili ambaye hospitali nzima inamwita Chapchap. Sista wa zamu, mikono kiunoni. Na mimi, nimeikodolea macho mizani, maana namba ambayo ingetokea kwenye kioo kile ndiyo ingesema kama mstari wa programu niliojivunia miaka kumi na tisa bado unafaa kitu.

Asubuhi ile hatukuwa na habari za blanketi. Tulikuwa tunachagua msaidizi. Mkurugenzi alikuwa ameamua tuchukue akili mnemba moja ya kutusaidia kuandika na kurekebisha programu zetu, na akataka tuwajaribu watatu kwa kazi moja. Kazi yenyewe ilikuwa nakala ya programu inayopiga hesabu za dawa za watoto wachanga. Programu hiyo niliiandika mimi. Sijifanyi mnyenyekevu: kila nikipita koridoni na kusikia kichanga kinalia kwa nguvu, nilikuwa najiambia, na mimi nimo humo.

Maagizo yalikuwa mafupi. Safisha programu hii ya zamani, ondoa yasiyo na kazi, usiharibu kitu.

Wa kwanza alimaliza kwa dakika nne, majaribio yote yakapita. Chapchap akapiga meza kwa furaha. "Mama Programu, hapa tumefika! Mistari mia mbili imepungua, hebu ona!" Akambatiza Mwepesi papo hapo. Wa pili alichukua robo saa, akaleta kazi safi na maelezo marefu kama hotuba ya mgeni rasmi, naye akaitwa Msemaji. Nikavaa miwani, nikapitia kazi zao mstari kwa mstari, kwa sababu mimi nimezoea hivyo na sitaki kuombwa radhi na mtu baadaye.

Wote wawili walikuwa wameufuta mstari mmoja. Ni ule unaopunguza gramu mia tatu na kumi kutoka kwenye uzito wa kila mtoto wa wodi ya njiti, yaani waliozaliwa kabla ya siku zao, na wodi hiyo tu. Mwepesi hakusema lolote. Msemaji aliandika kwamba huenda ni mabaki ya majaribio ya zamani. Mabaki! Damu ilinipanda.

Nilikuwa nafungua mdomo niwashukie, Chapchap akaguna. Wa tatu, ambaye tulishampa jina la Mzito kwa jinsi alivyokuwa akijikokota, alikuwa amesimama katikati ya kazi. Kwenye kioo aliandika: "Mstari huu unapunguza gramu 310 kwa wodi moja pekee. Sijaona sababu yake mahali popote. Ukiondolewa, dozi zote za wodi hiyo zitapanda. Sitaugusa mpaka nijue gramu hizi ni za nini, na kama bado ni sahihi."

"Huyu naye!" Chapchap akacheka. "Tumempa kazi, yeye anatupa mtihani."

"Mtihani wenyewe una jibu?" mkurugenzi akaniuliza.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa na sura ya mama yangu.

Mama ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu wa wodi ile nilipoajiriwa. Siku nilipompelekea programu yangu mpya, nimevaa kama naenda harusini, alisoma dozi ya kwanza tu akanirudishia karatasi. "Mwanangu, unataka kuniulia mtoto?" Mbele ya wauguzi wote! Kisha akanishika mkono kama nina miaka mitano, akanipeleka hadi kwenye mizani. Katika wodi yake, mtoto wa kilo moja na robo havuliwi ovyo, maana baridi itamwahi. Alikuwa akipimwa ndani ya blanketi, namba ikiandikwa kama ilivyo, na muuguzi akiutoa uzito wa blanketi kwa hesabu ya kichwani wakati wa kupima dawa. Mimi na cheti changu chenye mhuri hatukuwa tumeuliza. Nikarudi mezani nimenywea, nikaongeza ule mstari. Sababu yake sikuiandika. Nani angesahau? Mama yupo, na mimi nipo.

Niliyasema hayo mezani, kifua mbele. Mkurugenzi akapiga hesabu kwa kalamu. "Kwa mtoto wa kilo moja na robo, hawa wawili wangezidisha dawa kwa karibu robo nzima."

Chapchap hakucheka tena. "Mimi ningeipitisha," akasema. "Wallahi, ningeipitisha."

Ningeweza kuishia hapo nikatoka shujaa. Lakini lile swali lilikuwa na mkia, na mkia ulinichoma. Kama bado ni sahihi. Tangu mama astaafu, miaka saba, sikuwa nimekanyaga wodi ile. Nilikuwa nalinda mstari nisioujua tena.

"Twendeni wodini," nikasema.

"Si umeshatujibu?" Chapchap akashangaa.

"Nimewajibu nusu."

Sista wa zamu aliposikia shida yetu alicheka hadi akajishika mbavu. "Kumbe kompyuta inajua habari za blanketi! Sisi tunaandika tu namba kama tulivyofundishwa." Halafu akaenda kabatini, akarudi na blanketi lililokunjwa, bado lina harufu ya dukani. "Ila haya ni mapya. Yameletwa leo asubuhi, tunaanza kuyatumia mchana huu." Akaliweka juu ya mizani, tukainama.

Mia mbili na sitini.

Gramu hamsini. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa njiti ni dawa pungufu, kila siku, bila mtu kujua. Wote walinitazama mimi.

"Mstari wangu umeshakuwa mbovu," nikasema. "Mimi niliuandika, na mimi ndiye sikuandika sababu. Kuanzia mchana huu tungekuwa tunawapunja watoto dawa." Nilingoja aibu inishike. Haikuja. Kilichokuja ni fahari ya kuja kupima mwenyewe, tena kubwa kuliko ile ya mezani, hadi machozi yakanilengalenga, na sikuyaficha.

Kabla ya chakula cha mchana tulikuwa tumeongeza nafasi ya kujaza uzito wa blanketi lenyewe kila linapotumika, na mara hii sababu niliiandika kwa maneno mengi. Mkurugenzi alipouliza tunamchukua yupi, Chapchap alijibu bila mzaha hata chembe. "Mzito." Si kwamba Mzito anajua blanketi. Hajui. Hata sasa hukosea, na nimemkamata mara kadhaa. Ila asipojua, husimama akauliza.

Jioni nilipitia kwa mama. Nilimkuta anakunja nguo alizozianua, nikamsimulia yote toka mwanzo, naye akaendelea kukunja.

"Kwa hiyo mashine iliuliza," akasema.

"Iliuliza, mama."

"Na wewe?"

"Nikaenda kupima."

Akalikung'uta shuka kubwa, akanipa ncha mbili nishike upande wangu.

"Mara hii hukungoja nikushike mkono," akasema.