Kishale Kilichogoma

Mjane mmoja aliniletea laptopu kuukuu ya marehemu mumewe, mzee aliyefia mezani akiandika, niiwekee mfumo mpya wa Linux, ule mwepesi. Ikawaka vizuri, ila kishale cha kwenye skrini kikagoma. Napitisha kidole kwenye kibao chake, wapi! Mimi nina hasira za karibu. Nikailaani Linux na mafundi wake wote.

Kisha nikakumbuka: mtu anapoandika, mfumo huo hukizima kile kibao cha kidole, kiganja kisije kikasukuma kishale. Basi kuna kitufe kimenasa, nikajisemea. Nikaifungua mashine, nikang'oa kibodi nzima na kuiweka mezani.

Kishale hakikusogea. Nikachomeka kipanya cha waya, nikauondoa ule mpangilio wa kuzima kibao; nikapitisha kidole, kishale kikakimbia kama panya. Nikaurudisha, kikaganda.

"Mama," nikasema, "mashine inadai kuna mtu anaandika. Na kibodi ndiyo hii hapa."

Hakushtuka. Alivuta kiti taratibu kisipige kelele, akaketi.

"Huyo hapendi kukatizwa," akaninong'oneza. "Mwache amalize, mwanangu."