Ukurasa Ulioachwa Wazi

Kurasa zilizofunguliwa kwenye kompyuta ya Fathia zilikuwa nyingi hata majina hayakusomeka tena. Zilibanana juu ya kioo, kila moja imebaki na alama yake ndogo tu, naye alizitambua kwa mahali zilipokaa: kozi ya uuguzi aliyotaka kuiomba kabla hajawa karani wa wenye malori, chakula cha mwenye kisukari, namna ya kuziba paa linalovuja. Kompyuta ilinguruma kwa kuelemewa, na mwenyewe alikuwa amechoka kuishinda.

"Funga hata moja upumue," kaka yake Abdiwali alimwambia siku aliyoondoka na lori kwenda Sericho.

Fathia alicheka tu. Kufunga ukurasa ni kukiri kwamba jambo lile halitafanyika, na nani ana nguvu za kukiri hivyo baada ya kazi ya kutwa? Isitoshe, alikuwa amelelewa Kiwanjani, ambako maji ya bomba huja yanapotaka yenyewe. Mtu huweka mtungi wake kwenye foleni akarudi zake kupika. Mtungi ukikaa, nafasi imekaa. Foleni ikisogea, aliye nyuma huusukuma mbele kwa mguu, taratibu, ndipo asogeze wake. Mama yake, Bisharo, alisukuma mitungi ya watu wasiokuwepo miaka yote aliyokuwa na macho mazima.

Sasa macho hayo yalikuwa yameingia ukungu. Ni mtoto wa jicho, walimwambia, na madaktari wa upasuaji walikuwa njiani kuja mjini, siku chache tu kisha waondoke. Fathia akafungua ukurasa wa kuomba nafasi, akajaza jina la mama, akachagua Jumatano. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe cha kuthibitisha. Akataka kwanza kumuuliza Abdiwali kama atakuwa amerudi ili awapeleke. Simu ya Abdiwali haikupatikana. Kazini nako wakamwita. Akauacha ukurasa wazi, na kila jioni aliuchungulia. "Nafasi ipo," ulisema, naye akamwambia mama vivyo hivyo.

Jumanne, baada ya alasiri, aliamua kutomngoja tena Abdiwali. Akabonyeza.

Nafasi zilikuwa zimejaa. Alibonyeza tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Zilikuwa zimejaa tangu siku nyingi, na ukurasa wake ulikuwa ukimwonyesha tu hali ya siku ile alipoufungua. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Hooyo," alimwambia mama, "nafasi imeenda. Nilidhani imekaa."

Bisharo alikuwa kwenye mkeka. Akageuza uso upande wa sauti. "Si ulisema umeiwacha wazi?"

"Niliiwacha wazi."

Mama hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza. "Basi kesho twende tu," alisema. "Tukae hapo. Kuna watu huwa hawatokei."

Jumatano ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari. Waliokuja bila nafasi walikuwa na benchi lao nje, chini ya ukuta wa hospitali, na muuguzi aitwaye Nakal akiwaingiza mmoja mmoja kila mwenye nafasi alipokosekana. Nafasi iliyokuwa mbele tu ya Bisharo haikuwa na mtu. Palikuwa na kikapu chini, ndani yake chupa ya chai na leso iliyokunjwa vizuri.

"Ni ya Asho," mwanamke mmoja aliwaambia. "Ameenda kuleta mamake nyumbani. Hawezi kukaa kwa jua, huyo mzee."

Foleni ilisogea kidogo kidogo. Kila iliposogea, Bisharo alipapasa kwa mguu mpaka akakigusa kikapu, akakisukuma mbele, kisha naye akasogea. Fathia alimtazama akifanya hivyo huku kope zake mwenyewe zikiwa nzito. Usiku hakuwa amelala.

Jua lilipoanza kuwafikia miguuni, Nakal alitoka. "Daktari amebakisha mmoja tu, kisha wanafunga. Mwenye hii kikapu ako wapi?"

Bisharo alikipapasa kikapu kwa mguu.

"Ngoja kidogo tu, binti yangu," Bisharo alisema. "Mwenyewe anakuja."

"Siwezi ngoja, mama. Kama hayuko, nyinyi ndio mnafuata."

Bisharo akamshika Fathia mkono. "Angalia kwa geti. Anakuja?"

Fathia akatazama. Ng'ambo ya barabara, katika vumbi la gari lililopita, mwanamke mmoja alikuwa akimwongoza kikongwe kwa mkono, wakisubiri kuvuka. Alipunga mkono mwingine juu kuelekea benchi, akipaza sauti ambayo haikufika.

"Hakuna mtu, Hooyo," alisema Fathia. Kisha akakisukuma kikapu kwa mguu, taratibu, pembeni.