Jina la Mmiliki

Kidole cha Nyamizi kilikuta mapengo mawili kwenye ukingo wa sikio la mtamba, akasahau kwamba mkono wa pili umeshika koleo ya hereni. Akalipapasa tena. Mapengo mawili ya karibukaribu, upande wa chini, sikio la kushoto. Alama hiyo hakuhitaji mtu wa kumweleza. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, kule Lingeka, ndiye aliyeshika kamba huku baba yake, Shigela, akiikata kwa kisu. Mwaka huohuo Shigela aliswaga ng'ombe wake kwenda Katavi kutafuta malisho, akamwacha binti yake kwa shangazi ili asome.

Miaka kumi na moja sasa. Namba ya simu aliyoacha iliita miaka miwili, kisha ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo.

Akamfunua mtamba midomo, akatazama meno. Miaka mitatu, haizidi. Mtamba wa miaka mitatu mwenye alama ya baba! Moyo ukaanza kumwenda mbio. Basi baba amepita hapa Nkololo, tena si zamani.

Tumwache hapo kidogo na moyo wake, kwa maana hujajua alifikaje kwenye zizi la watu. Nyamizi alikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya afya ya mifugo, na chuo kilitaka wiki nane za mafunzo kwa vitendo, fildi kama wanavyoiita wenyewe. Bila fildi hakuna alama, na bila alama hakuna kuhitimu. Aliandika barua sita. Alichotamani ni maabara ya Mwanza, akae na darubini yake kwenye kivuli. Ofisi mbili zilisema zimejaa, tatu hazikujibu, na ya sita ilimtaka aje na kompyuta yake mwenyewe, sijui walidhani angeitoa wapi. Mwishowe alikwenda Bariadi mjini akakaa kwenye benchi la ofisi ya mifugo siku tatu mfululizo, mpaka Deogratias, afisa mifugo wa kata, alipochoka kuiruka miguu yake. Akamwambia twende, kazi ipo, ya kuvisha ng'ombe hereni na kuwasajili. Asajili maboma kumi kwa mkono wake, naye atamsainia.

Wiki ya kwanza tu akaharibu. Aliingia boma la mzee mmoja aitwaye Ngeleja, akavisha hereni ng'ombe arobaini, na kwenye kishikwambi, pale palipoandikwa jina la mmiliki, akajaza Ngeleja. Jamani, mtoto wa Kisukuma huyo! Nani huku asiyejua kwamba mtu haweki ng'ombe wake wote boma moja? Unampa rafiki watano, mwingine wanane, anakutunzia na anakunywa maziwa, na nani ni mwenye mali mnajua ninyi wawili. Hata juma halijaisha, mwenye ng'ombe akatokea Mwandoya na fimbo yake, anauliza tangu lini Ngeleja amepewa mali yake. Urafiki wa miaka thelathini ukafia mbele ya ofisi ya kijiji, watu wakitazama.

Tangu siku hiyo, Nyamizi akionekana tu na koti lake la bluu, mifugo inaswagwa porini. Maboma tisa aliyapata kwa kupigia watu magoti milangoni. Likabaki moja, na mkaguzi wa chuo anakuja kesho. Mwenye boma hilo, Mzee Mwandu, alikubali bila maneno mengi. Alisema yeye hana cha kuficha, na wakati anasema hivyo alikuwa anatazama pembeni.

"Baba," Nyamizi alimwita mzee sasa, "alama hii ni ya nani?"

"Yangu."

Nyamizi alijua si kweli, maana ng'ombe wengine wote aliokwisha kuwavisha walikuwa wamekatwa alama sikio la kulia. Akapiga goti palepale kwenye samadi, akamweleza kuwa alama hiyo aliiona ikikatwa, kwamba mwenyewe anaitwa Shigela, na yeye ni mwanawe wa pekee.

Mzee hakuonyesha kushtuka. Wezi wa ng'ombe nao huja na hadithi, tena hizo zao ni nzuri zaidi. Akamuuliza kama ni hivyo, yule ng'ombe mkubwa mweusi wa Shigela aliitwaje.

"Serikali," alijibu Nyamizi. "Alisema anakula sana na maziwa hatoi."

Mwandu alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Kisha kicheko kikamwishia, akasema mtamba huyo ni mjukuu wa Serikali, na kwa maziwa hatakuwa tofauti na bibi yake.

"Kwa hiyo baba alikuja," Nyamizi alisema. "Huyu ana miaka mitatu. Alikuja akamkata alama."

"Hapana, mayu. Nimekata mimi. Aliniachia wanne akielekea Katavi, sasa wako kumi na mmoja. Ndama wa ng'ombe wake ni wake."

"Hajaleta hata salamu?"

"Hata salamu. Alisema mvua zikinyesha atarudi."

Mvua zimenyesha mara ngapi tangu siku hiyo, wote wawili walijua, hakuna aliyezihesabu kwa sauti. Nyamizi aliinama kana kwamba anatafuta kitu kwenye boksi la hereni. Alimtamani baba yake kwa namna iliyomwaibisha, mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu. Alitaka kulaza shavu kwenye shingo ya yule mtamba alie. Badala yake akachagua hereni ya manjano, akaibana sikioni juu kidogo ya mapengo, asije akaiharibu alama. Mtamba akatikisa kichwa, basi. Kisha akawavisha na wenzake kumi wenye alama hiyo.

Ikabaki kuandika. Mzee alisimama mlangoni mwa zizi akasema hawatatoka ng'ombe hawa wakiwa na jina lake. Alisema yeye amezeeka, na akifa leo wanawe watagawana kila chenye jina la Mwandu, na Shigela akija atakuta amegeuzwa mwizi wa mali yake mwenyewe.

Nyamizi akaandika Shigela Maduhu. Kishikwambi kikagoma. Kilitaka namba ya simu ya mmiliki, na bila namba hakiendi mbele.

Deogratias, aliyemleta asubuhi hiyo, alikuwa ameegemea pikipiki yake, jua limemchosha. Alisogea akatazama kioo.

"Andika Mwandu tumalize," alisema. "Mkaguzi ni kesho. Mtu aliyepotea miaka yote hiyo hana ng'ombe, dada."

"Anao kumi na mmoja," Nyamizi alisema.

Alijua vizuri anachochezea. Fildi ikikataliwa ni mwaka mzima mwingine, na shangazi hana tena kitu cha kuuza. Alikiangalia kile kijisanduku kitupu mpaka kioo kikazima, akakiwasha upya. Kisha akaandika namba, tarakimu kumi, bila kusita. Kishikwambi kikapokea, ng'ombe wote kumi na mmoja.

Deogratias alizisoma zile tarakimu polepole. Ndizo alizokuwa akizipiga kila asubuhi kumwita Nyamizi kazini. Aliguna, akatazama upande wa mlima, kisha akauliza kitabu cha fildi kiko wapi. Akakipokea, akakiweka juu ya tangi la pikipiki, akasaini na kugonga muhuri, boma la kumi.

Mzee Mwandu alikuwa ameanza kuwatoa ng'ombe kwenda kunywa maji. Nyamizi alikuwa akifunga boksi la hereni pale simu ilipotetemeka kwenye mfuko wa koti. Akaitoa.

*Ndugu SHIGELA MADUHU, ng'ombe wako amesajiliwa. Hakikisha anapata chanjo kwa wakati.*

Akausoma tena, kwa sauti ndogo, lile jina tu. Ng'ombe walipita karibu yake mmoja mmoja, hereni zikimetameta, vumbi likiwafunika miguu. Simu ikatetemeka tena mkononi mwake, ujumbe wa pili, kisha wa tatu, na yeye alisimama katikati ya zizi akiupokea kila mmoja.