Suti ya Kuagwa

…kwa sababu Sumari, dereva mwenzake, naye alisimama hapa hapa, mikono kainyanyua kama mtu aliyekamatwa mpakani, na Reginald huyu huyu akamzungushia futi kifuani, akamwambia vaa kwa amani, Mzee, hii itakukaa, na kweli ilimkaa, alizikwa nayo… mkono juu kidogo, baba Evelyn, anasema Reginald, na Sifaeli anaunyanyua, dereva mzima aliyelala Kigali na Lubumbashi, aliyebishana na watu kwa lugha asizozijua na akashinda, leo anamwogopa fundi cherehani wa hapa Sakina, na tumbo nalo limetangulia mbele kama bampa ya Scania… nyuma yake, kwenye benchi, mkewe Tabea anachagua bitana ya ndani ya koti, iwe ya bluu, anasema, Jumamosi wanamuaga kazini, Jumatatu napanda naye mlimani, atulie nyumbani sasa, amezurura mno huyu, na Sifaeli anaiona migomba ya kwao, na chini ya migomba makaburi ya babu na ya baba yaliyojengewa sementi, na pembeni yao nafasi iliyobaki, nafasi nzuri, yenye rutuba, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipanda hata maharage… shirika limeuzwa, mwekezaji anayataka malori, madereva wenye mvi hawataki, redandansi, kupunguzwa kazi kwa mafungu, ikapita kama baridi ya Julai, Sumari akarudi kwake akakuta wanawe wameng'oa kahawa, bei imeanguka Baba, tumepanda nyanya, wewe kaa tu, naye akakaa, kiti getini, anayatazama magari, watoto wakipita wanamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, hayo ndiyo yakawa mazungumzo yake ya siku nzima, masika hayakumkuta… na Koikai, dereva mwingine, Koikai mcheshi, akanunua ng'ombe kwao Oldonyo Sambu, akawatazama wakilamba vumbi mpaka wakaisha, akaisha na yeye, presha, alisema daktari, presha, utadhani mtu ni tairi…

"Wanaonisumbua ni wale wa ofisini," Reginald anasema, pini mdomoni. "Mtu amestaafu zamani, kila Pasaka yuko hapa, panua kiuno, Reginald, badilisha zipu. Mzee Arnold nimemshonea mpaka nimechoka. Nyie madereva mnashona moja tu, hamrudi."

"Watarudi na nini?" Tabea anacheka. "Wewe na bei zako."

"Labda ni bei, mama."

…labda ni bei, bosi Arnold moyo ukimruka anapelekwa Nairobi, meno yake yenyewe yametengenezwa huko, Koikai alimeza mizizi akangoja, bei ipo, nani atabisha, lakini Arnold hata kustaafu hakustaafu, ana duka, ana bodi ya shule, ana kamati, kila asubuhi kuna mtu mahali fulani anauliza mbona Mzee hajafika… na mimi nani ataniuliza, mgomba? mgomba hauulizi, mgomba unangoja… "Vuta pumzi, baba Evelyn. Sasa iachie. Nitabana kidogo hapa, maana wastaafu huwa mnapungua," anasema bila ubaya wowote, kama anayezungumzia kitambaa kinachorudi kikifuliwa, na Sifaeli, yeye wa kutania hata msibani, anageuza shingo barabarani… ng'ambo ya barabara, gereji kwa Godbless, dizeli inakohoa, inashika, inazima, na Godbless alikuja juzi na adabu zake zote, Mzee, kaa na sisi, vijana hawa dizeli hawaijui, naye akamjibu kwa kicheko, mimi wa Lubumbashi nije kufungua nati za Hiace, niache niheshimike kidogo, na heshima hiyo Sumari alikuwa nayo, tele, alikaa nayo getini…

"Vifungo viwili au vitatu?"

"Mgongoni acha nafasi," Sifaeli anasema. "Nataka niweze kuinama."

"Suti ya kuagwa, Mzee? Utainama nayo wapi?"

Tabea, bitana mkononi, anamtazama mumewe kwenye kioo, na mumewe hayupo kwenye kioo, sikio liko barabarani, dizeli inakohoa tena, vijana wa Godbless wanagongagonga pampu, watu wa ajabu hawa, pampu haina kosa, ni hewa imeingia kwenye bomba la mafuta, lolote watakalogonga watakesha nalo… "Nimemaliza, baba Evelyn, shusha mikono," lakini mikono bado iko juu, na vidole vya mkono wa kulia vinazunguka taratibu, vinafungua nati ambayo Reginald haioni.