Zege Kwenye Vizimba vya Nyasi

Mmepita pale. Msikatae. Barabara imeukata uwanda wa malisho vipande viwili, na kila mwenye safari ameviona vile vizimba vya waya vilivyotawanyika kwenye nyasi, kila kimoja na ukubwa wa kitanda cha mtoto. Mliziona pia nguzo mpya za uzio, zimelazwa kando ya lami marundo kwa marundo. Mkapandisha vioo, mkasingizia vumbi. Mkakodolea simu zenu mpaka uwanda ukaisha. Haya, macho mliyageuza. Tegeni basi hata masikio.

Mwenye vizimba ni mwanamke mmoja, mtafiti wa ikolojia katika kituo kilichoko ukingoni mwa uwanda. Wafugaji walimwita Bibi Mkasi, maana mkasi wa kukatia nyasi haukumtoka mkononi. Alizaliwa hukohuko, kaka yake anafuga hukohuko, na ofisini hilo hawakuacha kumtupia usoni.

Kazi yake haikuwa ya kimiujiza. Ng'ombe hula nje ya kizimba, ndani hawafiki. Baada ya majuma kadhaa Bibi Mkasi hukata nyasi za ndani, hukata na za nje pembeni yake, huzitia kwenye mifuko ya karatasi, huzikausha katika tanuri la maabara, kisha huzipima. Tofauti ndiyo iliyoliwa. Halafu, na hapa ndipo penye kazi yenyewe, hukinyanyua kizimba na kukihamishia mahali palipokwisha kutafunwa, aone nyasi zinarudi kwa kasi gani. Kizimba kisichohamishwa hakipimi tena kitu. Kinakuwa gereza la majani makongwe.

Mkurugenzi wa kituo hakutaka kusikia. Kwake yeye nyasi ndefu ndizo nyasi nyingi, kwisha maneno. Sasa ukitaka kujua mpishi kapika kiasi gani, utachungulia sufuria baada ya watu kushiba? Yeye alichungulia, akaona ukoko, akatangaza kwamba jiko halikuwashwa.

Mizani ilikuwa inasema mengine. Pale ng'ombe wanapopita, wakala, wakaondoka, uwanda ulichipua majani mengi kuliko pale pasipoguswa. Pale wanapong'ang'ania bila kuhama, ardhi hubaki uchi. Na hilo la pili Bibi Mkasi alilisema mbele ya wafugaji wenyewe, wakamnunia msimu mzima. Hakuwa mpiga debe wa mtu.

Sasa kamati ya ardhi ilikuwa inakuja kujionea, kabla ya kuamua kama uwanda uzungushiwe uzio na wafugaji watolewe. Na ajabu, msimu huohuo wa mvua Mkurugenzi akampeleka Bibi Mkasi mjini kwenye semina ndefu. Akaahidi vizimba vitahamishwa kama kawaida. Bibi Mkasi alirudi asubuhi ya ziara yenyewe, ndani ya gari la kituo, na dereva waliyemwita Breki kwa sababu hukanyaga breki hata kuku akiwa ng'ambo ya pili.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa amesimama na ng'ombe karibu na kizimba cha kwanza, ameegemea fimbo.

"Wifi, karibu," alisema. "Majani yako yamefungwa kifungo cha maisha."

Bibi Mkasi aliinama. Miguu yote minne ya kizimba ilikuwa imezama kwenye zege. Akakimbilia kile kingine. Zege. Cha tatu, zege.

"Nani kafanya hivi?"

"Mafundi wenu. Vumbi la basi lako halijatua, wao wamefika na toroli. Wakasema ni kuimarisha, ng'ombe wasiviangushe. Tukajua umewatuma. Mimi nikasema, kumbe wifi yangu anajenga na mwaliko hatujapata!"

"Wifi, usinichekeshe, nitalia."

"Lia baadaye. Wanakuja wale."

Magari yalikuwa yanashuka kutoka barabarani. Mkurugenzi aliteremka wa kwanza, akamfungulia mlango mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima mwenye miwani, aliyevaa viatu vya ofisini vikazama kwenye matope.

"Mheshimiwa, tazama mwenyewe," Mkurugenzi alisema. "Ndani zinafika kiunoni. Nje, kipara. Hapa panahitaji digrii?"

Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja akapiga picha. Bibi Mkasi aliona kabisa jinsi picha ile itakavyowahamisha watu wa uwanda mzima.

"Breki," aliita, "niletee mtaimbo."

"Bibi, mtaimbo ni mali ya kituo."

"Na zege ni mali ya mama yangu?"

Breki alimtazama Mkurugenzi, akamtazama Bibi Mkasi, akaenda kuufungua mlango wa nyuma wa gari. Siku hiyo breki zilikatika.

"Ukigusa kizimba hicho huna kazi!" Mkurugenzi alifoka.

"Kazi ninayo mkononi. Sogea, nisije nikakuumiza."

Akapiga. Zege lilikuwa la kulipua, mchanga mwingi kuliko saruji, kazi ya watu waliojua halitakaguliwa. Likapasuka. Akautia mtaimbo chini ya fremu, wifi yake akaingiza bega bila kuombwa, kizimba kikang'oka na kupinduka. Wajumbe waliruka nyuma kama wamemwagiwa maji.

"Mheshimiwa mama," Bibi Mkasi alisema, anahema, "naomba uinamie hapa. Zipanue nyasi kwa mikono yako. Usiamini mdomo wangu."

Mwenyekiti alisita, kisha akainama. Juu palikuwa na mabua marefu ya manjano. Chini yake, tandiko la kijivu lililooza, lenye joto na uvundo. Alifukua hadi kwenye udongo akitafuta chipukizi, akapata mbili tatu, nyeupe kama vitu vilivyokulia chini ya kitanda.

"Nyasi hukua kutokea chini," Bibi Mkasi alisema. "Jua lisipofika hapo, zinajifukia zenyewe. Hizo unazoziona ndefu zimeshamaliza kukua, Mheshimiwa. Sasa gusa nje, hapo kwenye kipara."

Mwenyekiti alipapasa. Kipara kilikuwa chipukizi tupu, mbichi, zimesongamana hata kidole hakipenyi.

"Mbona ripoti haikusema hivi?"

"Ripoti ameiandika aliyeagiza zege."

"Huyu ana maslahi yake!" Mkurugenzi alipaza sauti. "Huyo mwenye fimbo ni wifi yake!"

"Ndiyo, wifi yake," mwenye fimbo alijibu. "Na ng'ombe hawa ni mashemeji. Waandike wote."

Hata yule mpiga picha alicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alijifuta mikono kwa leso, akasema kamati haitaamua hapo; kutakuwa na kikao cha wazi katika ukumbi wa halmashauri, na kila mwenye neno atalisema. Mkurugenzi alimsimamisha Bibi Mkasi kazi palepale, akanyoosha kiganja kudai ufunguo wa maabara. Akapewa, bila kubembelezwa.

Kikao chenyewe ndicho hiki cha leo. Na kabla hamjasema hayawahusu, kumbukeni bonde la chini. Nako wakubwa waliahidi kulinda nyasi. Walipoitisha kikao, baba yake Bibi Mkasi alisimama peke yake mbele ya viti vitupu, wakamwandika kuwa "upinzani mdogo". Uzio ukapita, nyasi zikazeeka, moto ukazila, na ardhi iliyobaki ikagawiwa waliokwisha kuitolea macho.

Binti yake yuko ukumbini sasa hivi, kiti cha mbele, na mafungu mawili ya nyasi mapajani. Mkurugenzi amejaza watu wake upande wa kushoto. Upande wa kulia bado uko wazi. Wewe unayesoma, huna haja ya hotuba. Una makalio na una mkono wa kunyoosha. Weka chini karatasi hii. Vaa viatu. Nenda ukakae.

Nenda sasa, kabla hawajafunga mlango.